Dawa ya mama ilikwama wapi? Safari ya cheti ndani ya famasi ya hospitali

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 68, alilazwa kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni. Daktari aliandika dawa saa tatu asubuhi, sindano ikafika wodini saa tano. Nilipofuatilia nikaambiwa mfamasia bado anazungumza na daktari. Dawa zake zote tulizotoka nazo nyumbani zilichukuliwa, na kila siku tukawa tunaletewa vidonge vya siku hiyo tu, kana kwamba hatuaminiki. Dawa moja tukaambiwa imeisha. Naomba unieleweshe: famasi ya hospitali inafanya nini muda wote huo, wakati duka la dawa napewa kwa dakika tano?"

Jibu:

Pole sana kwa kuuguza. Nimefanya kazi katika famasi za hospitali kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ninaloulizwa dirishani kuliko jingine lolote, mara nyingi kwa hasira. Simlaumu anayeuliza. Mgonjwa wako anaumia, dawa unaiona rafuni kwa macho yako, na mwenye ufunguo haitoi.

Nianze na ile simu kwa daktari, kwa kuwa humo ndimo muda wako ulimoishia, na ni sehemu ya kazi yetu ambayo mtu wa nje haioni kabisa.

Cheti kikitufikia hatuendi rafuni kwanza. Tunakaa nacho na kukisoma kwa shaka. Sisemi kwamba tunamdhania daktari kuwa hajui kazi yake. Daktari ameutazama ugonjwa na kuchagua dawa ya kuupiga; kazi yetu ni kuitazama dawa hiyo ikikutana na mwili wa mtu huyu mmoja, mwenye umri huu, uzito huu, figo hizi, mzio huu, na dawa nyingine sita anazomeza tayari. Dawa nzuri kabisa kwa ugonjwa fulani inaweza kuwa mbaya kabisa kwa mgonjwa fulani, na mahali pa kuligundua hilo ni kwenye karatasi, kabla haijaingia mshipani.

Figo ndizo zinazotupigisha simu nyingi kuliko kitu kingine. Dawa nyingi hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo, kwa hiyo figo zikichoka dawa hujazana kwenye damu siku hadi siku hata kama kipimo kilichoandikwa ni kile cha kawaida cha vitabuni. Kwenye majibu ya maabara tunaangalia kreatinini, taka ya mwili ambayo figo hutakiwa kuitoa, lakini namba hiyo peke yake hudanganya. Kuna kanuni ya hesabu iliyotolewa mwaka 1976 na watafiti Cockcroft na Gault ambayo bado tunaitumia kila siku: unachukua 140, unatoa umri, unazidisha kwa uzito, unagawanya kwa kreatinini iliyozidishwa mara 72, na kwa mwanamke unazidisha tena kwa 0.85. Sasa chukua watu wawili wenye kreatinini ileile, miligramu 1.6 kwa desilita. Mmoja ni kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye kilo 80. Figo zake zinasafisha takriban mililita 76 za damu kwa dakika. Mwingine ni mama wa miaka 68 mwenye kilo 52. Zake zinasafisha takriban 28. Karatasi ya maabara inaonyesha namba moja, kumbe miili imetofautiana karibu mara tatu.

Nimeuchagua mfano huo makusudi. Sina faili la mama yako na siwezi kusema nini kilijadiliwa siku ile, ila sindano inayotumika sana kwa damu iliyoganda mguuni ni enoksaparini. Kipimo chake cha kutibu ni miligramu moja kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Usafishaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, kipimo kilekile hutolewa mara moja tu kwa siku. Yaani nusu. Mama wa kilo 52 akipewa sindano mbili kwa siku wakati figo zake zinamruhusu moja, tatizo la damu kuganda linageuka kuwa tatizo la damu kutoganda: fizi zinavuja, choo kinakuwa cheusi, na ajali mbaya kuliko zote ni damu kuvujia ndani ya kichwa. Kwa hiyo mfamasia anauliza: mgonjwa amepimwa uzito lini? Kreatinini ni ya leo au ya mwezi uliopita? Kuna dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ambayo alikuwa akiimeza nyumbani? Daktari yuko chumba cha upasuaji, simu haipokelewi, na huku wewe uko kwenye korido unaangalia saa.

Duka la dawa linaweza kukuhudumia kwa dakika tano kwa sababu mteja wake wa kawaida amekuja kwa miguu yake, anameza vidonge viwili au vitatu, na akiona mabadiliko mwilini ataacha au atarudi kuuliza. Mgonjwa wa wodini mara nyingi hawezi kuuliza. Wapo waliozimia. Wengine ni watoto wa siku mbili. Dawa zao zinaingia moja kwa moja kwenye damu, na kilichoingia kwenye damu hakiwezi kutapikwa.

Shaka yetu ya pili ni kwenye maandishi yenyewe. Unaweza usiamini ni madhara kiasi gani yanayosababishwa na nukta. Mtu akiandika 1.0 na nukta ikafifia, inasomeka 10. Akiandika .5 bila sifuri mbele, inasomeka 5. Akifupisha neno uniti kwa herufi U kwenye cheti cha insulini, ile U ikikaa vibaya inafanana na sifuri, na uniti 4 zinakuwa 40. Kuna dripu ya parasetamoli ambayo kila mililita moja ina miligramu 10. Mtoto akiandikiwa miligramu 75, anapaswa kupata mililita saba na nusu. Muuguzi aliyechoka, saa nane usiku, akilisoma neno miligramu kama mililita, anaweza kumpa mtoto huyo mara kumi ya alichoandikiwa, na ini la mtoto ndilo litakalolipa. Ndiyo maana famasi nyingi hazikubali cheti cha mtoto kisicho na uzito. Tunakirudisha hata kama mzazi analia dirishani, na kwa hilo sitaomba radhi.

Kuna dawa moja, methotreksati, inayotumika kwa ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo. Kwa ugonjwa huo humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Mtu akiimeza kila siku kwa makosa, uboho unaacha kutengeneza damu, mdomo unajaa vidonda, na wapo waliokufa hivyo katika nchi zenye hospitali nzuri kabisa. Mimi nikitoa dawa hiyo naandika juu ya pakiti jina la siku, "Jumatatu tu", na simwachii mgonjwa aondoke dirishani kabla hajaniambia kwa mdomo wake mwenyewe ni siku gani.

Baada ya cheti kukubaliwa ndipo mtu anaenda rafuni, na rafuni nako kuna mitego. Majina yanafanana: dopamini na dobutamini, klorpromazini na klorpropamidi, ambapo ya kwanza ni ya magonjwa ya akili na ya pili ni ya kushusha sukari. Vichupa vinafanana kuliko majina. Mwaka 2006, huko Indianapolis, Marekani, fundi dawa mwenye uzoefu wa miaka mingi alijaza kabati la wodi ya watoto njiti kwa vichupa vya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini ya kusafishia mirija ya watoto ilikuwa na uniti 10 kwa mililita. Aliyoiweka ilikuwa na uniti 10,000. Lebo zote mbili zilikuwa za rangi ya buluu. Wauguzi walifungua droo waliyoizoea, wakachukua kichupa walichokitarajia, na watoto watatu wakafariki. Mwaka uliofuata kosa kama hilohilo likatokea Los Angeles kwa mapacha wachanga wa mwigizaji Dennis Quaid. Hao, kwa bahati, walipona.

Kila mfamasia mpya anayeanza kazi kwangu namsimulia kisa hicho siku ya kwanza. Hakuna mvivu ndani yake wala mlevi, na hakuna aliyekusudia ubaya. Kuna mkono uliozoea, jicho lililoona kile lilichotarajia kuona, na wodi iliyoamini kwamba kilichotoka famasi kimeshahakikiwa. Tokea hapo heparini ya nguvu kubwa ikaanza kubadilishwa sura ya lebo, na hospitali nyingi zikaiondoa kabisa kwenye wodi za watoto.

Visa kama hicho ndivyo vinavyoipa maana ile kanuni unayoweza kuiona kama usumbufu, kwamba anayechukua dawa rafuni si yeye anayeihakiki. Mmoja anachukua, anahesabu, anabandika lebo. Wa pili anachukua cheti upya, kana kwamba hajui kilichofanyika, na kulinganisha jina la mgonjwa, jina la dawa, nguvu yake, kipimo, njia ya kuitoa na muda. Zikiwa dawa za hatari kubwa, yaani insulini, heparini, morfini na jamaa zake, dawa za saratani, potasiamu ya sindano, kila mmoja anapiga hesabu yake peke yake na majibu yanalinganishwa mwishoni. Ukimpigia mwenzako hesabu kwa sauti naye akaitikia "sawa", hapo hakuna uhakiki wowote. Nimewahi kulishuhudia hilo nikiwa bado mwanafunzi: watu wawili, saini mbili, kosa moja, kwa sababu wa pili aliisikiliza namba ya wa kwanza badala ya kuitafuta yake. Muuguzi alilikamata kitandani dakika ya mwisho, akaja nalo mkononi, na mpaka leo nikimkumbuka namshukuru.

Hiyo potasiamu nayo ina habari yake. Ni madini ambayo mwili unayahitaji, na mgonjwa aliyeharisha au kutapika sana huweza kupungukiwa. Lakini ampuli yake kali ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa, moyo husimama. Sura yake ni ya maji yasiyo na rangi, kama maji safi ya sindano yanayokaa kwenye droo hiyohiyo ya wodi. Kwa hiyo hospitali makini zimeiondoa ampuli hiyo wodini, ikabaki famasi, na wodi hupelekewa mfuko uliokwisha kuchanganywa. Inachelewesha, naam. Ni ucheleweshaji ninaoutetea kwa nguvu zangu zote.

Dawa za kuchanganywa zina muda wake pia. Sindano ya degedege iitwayo fenitoini ukiiweka kwenye dripu ya glukosi inajitenga na kuganda chembechembe. Hutaka maji ya chumvi. Seftriaksoni, dawa ya bakteria inayotumika sana, haikutanishwi na dripu yenye kalsiamu kwa mtoto mchanga, kwa sababu huunda mawe madogo kwenye mapafu na figo. Dawa za saratani huandaliwa ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa, mtengenezaji akiwa na gauni na glovu mbili, na haziandaliwi kabla majibu ya damu ya asubuhi hayajatoka, kwani chembe nyeupe zikiwa chini dozi huahirishwa. Mojawapo, vinkristini, ni ya mshipani tu; ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo huua karibu kila anayepata. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2007 kwamba isijazwe kwenye bomba la sindano bali kwenye mfuko mdogo wa dripu, kwa sababu hakuna daktari atakayechukua mfuko wa dripu akauunganisha mgongoni. Namna hiyo ya kufikiri naipenda sana: umbo la chombo linamzuia mtu aliyechoka, bila kumwomba awe malaika.

Sasa nikujibu kwa haki: je, saa mbili ni sawa? Inategemea. Zipo dawa ambazo hazipaswi kusubiri hata robo saa, na hizo hazitoki dirishani kwetu. Kila wodi ina toroli la dharura lenye adrenalini, glukosi, dawa za degedege na nyinginezo, limefungwa kwa kufuli la plastiki lenye namba, na sisi hulikagua mara kwa mara na kulijaza upya likishafunguliwa. Mgonjwa mwenye maambukizi mazito yaliyoingia kwenye damu na kushusha presha anatakiwa apate dozi ya kwanza ya antibayotiki ndani ya saa moja. Hapo famasi inayosema "subiri foleni" imekosea, na una haki ya kupaza sauti. Kuna pia ucheleweshaji usio na heshima yoyote: cheti kilichosahaulika mezani pa wodi, mhudumu wa kukileta ambaye yuko kwenye shughuli nyingine, mfamasia mmoja aliyepewa wodi sita. Sitaupamba. Ukiona muda unapita, swali lenye msaada ni hili: "Cheti kimeshafika famasi? Na kama kimefika, kuna kitu mnakihakiki?" Majibu ya maswali hayo mawili yatakuambia kama ni uzembe au ni uangalizi.

Nije kwenye dawa za nyumbani, ambazo najua ziliwaudhi.

Mgonjwa anapoingia wodini, moja ya kazi zetu muhimu ni kukaa naye au na mtu wake na kuorodhesha kila anachokimeza, kisha kulinganisha orodha hiyo na alichoandikiwa hospitalini. Maeneo ya kuteleza ni matatu: anapolazwa, anapohamishwa wodi, na anapotoka. Dawa moja inaweza kuwa na jina lake halisi na majina ya biashara chungu nzima. Nimekuta wagonjwa wakimeza amlodipini ya presha kutoka pakiti mbili zenye majina tofauti, wakiamini ni dawa mbili. Wodini hali huwa mbaya zaidi: muuguzi anatoa dozi ya hospitali, na jioni binti mwenye upendo anatoa ileile kutoka kwenye mkoba. Hakuna anayejua mwenzake ametoa. Mgonjwa anaamka asubuhi presha iko sakafuni, na timu nzima inatafuta ugonjwa mpya ambao haupo.

Kwa mtu mwenye damu iliyoganda hatari hiyo ni kubwa zaidi. Aspirini, dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, warfarini, hata baadhi ya dawa za mitishamba, zote zinaongeza uwezekano wa kuvuja damu zikikutana na ile sindano. Kuzichukua dawa zile haikuwa kuwanyang'anya. Zinapaswa kuandikwa, kuwekwa kwenye mfuko wenye jina la mama, na kufungiwa mpaka siku ya kutoka. Kama kuna ambayo hospitali haina na anaihitaji, mfamasia huikagua na inaendelea kutolewa na muuguzi, kwa kumbukumbu. Kama dawa zilichukuliwa bila kuandikishiana chochote, hapo malalamiko yenu ni ya haki. Tena nakusihi jambo moja: mitishamba nayo itajwe. Watu wanatuficha wakiogopa kusemwa. Mfamasia mzuri hasemi mtu. Anataka kujua tu kilichomo mwilini.

Vile vidonge vya siku moja pia havihusu kutowaamini. Maagizo ya mgonjwa aliyelazwa hubadilika kila asubuhi daktari anapopita. Tukipeleka dawa za wiki nzima, Jumanne daktari akasimamisha, zinabaki kwenye droo ya kitanda pamoja na mpya, na zitamezwa. Tukipeleka za siku moja zikiwa kwenye vifuko vyenye jina, ambacho hakikutumika hurudi siku inayofuata, na kurudi kwake kunatupa habari: kwa nini dozi ya saa mbili usiku imerudi? Alikuwa amelala? Alikataa? Alikuwa anatapika? Kifuko kilichorudi kimewahi kunionyesha mgonjwa asiyeweza kumeza ambaye hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Na dawa ambayo haijatoka mikononi mwa hospitali inaweza kutumika tena, wakati ile iliyokwenda nyumbani haipokelewi hata ikiwa imefungwa, kwani hatujui ililala kwenye jua au juu ya jiko.

Dawa za maumivu makali kama morfini, pethidini na fentanili zina ulinzi wa peke yake, unaotokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya. Hukaa kwenye kabati la kufuli mbili, na kila ampuli huandikwa kwenye rejista pamoja na salio lililobaki. Ikitumika nusu, nusu nyingine humwagwa mbele ya shahidi anayetia saini. Mgonjwa akiumia na muuguzi akasema "namsubiri mwenzangu tufungue kabati", anasema kweli.

Kuhusu dawa iliyoisha. Hili linatuuma kuliko mnavyodhani, na sehemu kubwa ya lawama huwa ni ya hesabu. Chukua dawa inayotumika vichupa 40 kwa siku, na mzigo ukiagizwa huchukua siku 30 kufika. Maana yake agizo linatakiwa kutoka kabla salio halijashuka chini ya vichupa 1,200, na juu yake kuwe na akiba ya tahadhari, kwa sababu mzigo huchelewa na magonjwa hayana kalenda. Anayesubiri mpaka rafu ionekane nyeupe ndipo aagize ameshachelewa mwezi mzima.

Kuna kosa jingine la hesabu, la kimyakimya, ambalo nimelikuta kwenye stoo nyingi. Mtunza stoo anaangalia kadi: mwezi uliopita zimetoka 600, basi anaagiza kwa kufuata 600. Hajaangalia kwamba kwa siku kumi za mwezi huo dawa haikuwepo kabisa. Zile 600 zilitoka kwa siku 20, yaani 30 kwa siku, na mahitaji halisi ya mwezi ni 900. Akiagiza 600, mwezi ujao dawa itaisha tena katika siku ya ishirini, na kadi itaonyesha tena 600. Uhaba unajizaa wenyewe kwenye karatasi, na kila mtu anaamini namba ni sahihi.

Stoo ina adui mwingine, muda. Dawa hazitolewi kwa kufuata iliyoingia kwanza. Inatoka kwanza ile inayokaribia kuisha muda wake, hata kama imeingia jana. Na kuna joto. Insulini ambayo haijafunguliwa, chanjo nyingi na baadhi ya sindano huishi kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Watu wengi huogopa joto tu, lakini baridi kali nayo huharibu: insulini iliyoganda barafu, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama mwanzo, haiaminiki tena na hutupwa. Kwa hiyo jokofu la famasi lina kipimajoto chake, namba zake huandikwa asubuhi na jioni, na haliwekwi chupa ya maji ya mfanyakazi, maana kila mlango unapofunguliwa joto huingia. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kutoufungua mlango huo.

Hata dawa ikiwa imeisha kweli, mfamasia hapaswi kukuambia "haipo" akafunga dirisha. Kazi yake ni kumpigia daktari na kumwambia iliyopo inayoweza kushika nafasi yake, kwa kipimo gani, na nini kibadilike kwenye ufuatiliaji. Hospitali huwa na kamati ya dawa na tiba inayochagua orodha ya dawa zake, kwa wazo lilelile la orodha ya dawa muhimu ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na mbadala mwingi huwa umeshajadiliwa humo. Ulipoambiwa imeisha, ulikuwa na haki ya kuuliza: "Mmemjulisha daktari? Badala yake anapata nini leo?"

Limebaki jambo la siku ya kutoka, na ndilo ninaloliogopa zaidi kwa mgonjwa kama mama. Mtu aliyepata damu kuganda kwa kawaida huendelea na dawa ya kuzuia isigande tena kwa miezi mitatu au zaidi. Wodini kila dozi ilikuwa na macho manne juu yake. Nyumbani ni yake na yako. Dirishani siku hiyo kutakuwa na haraka: gari linasubiri, mgonjwa amechoka kukaa. Usiondoke kabla hujaelezwa kila dawa ni ya nini, saa ngapi, hadi lini, na ufanye nini dozi moja ikisahaulika. Kisha wewe mwenyewe umrudishie mfamasia maelezo hayo kwa maneno yako. Ukikosea, atasahihisha palepale. Uliza dalili za kuvuja damu ambazo hazisubiri kesho: choo cheusi, mkojo mwekundu, damu ya pua isiyokata, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, kuanguka na kugonga kichwa hata kama haoni jeraha. Na vidonge usivisage bila kuuliza, kwani vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole kwa saa nyingi, na ukivisaga yote inaingia kwa mara moja.

Halafu udai ule mfuko wa dawa alizoingia nazo, na mfungue pamoja na mfamasia, pakiti baada ya pakiti, juu ya kaunta. Muulize kwa kila moja: hii anaendelea nayo, imebadilishwa kipimo, au imesimamishwa? Iliyosimamishwa iache hapohapo waiharibu. Ikirudi nyumbani itarudi kabatini, na usiku mmoja mama atanyoosha mkono na kuimeza kama alivyozoea.